Mpira na Mkono Uupigao

Tabia ya mtu huonekana zaidi katika mambo madogo kuliko katika mambo makubwa. Katika jambo kubwa mtu hutazamwa na watu, hushauriwa na wazee, huzuiwa na sheria, na mara nyingine husukumwa na haja asiyoweza kuipinga. Katika jambo dogo huachwa peke yake na hiari yake. Na hapo nafsi hujitokeza kama ilivyo, bila ya joho wala kilemba. Mchezaji gofu wa ridhaa asimamaye dukani mbele ya mipira ya namna nyingi, kila mmoja ukisifiwa na maandishi ya sanduku lake, yumo katika jambo dogo la aina hiyo. Hapana amri ya kumlazimisha kuchukua huu au kuacha ule. Yote ni mipira ya mviringo, yote hutoshea kiganjani, yote imekubaliwa na sheria ya mchezo. Walakini, mkono wake unapouchukua mmoja, amekwisha kujibu swali lililo kubwa kuliko duka lile: je, mtu achague kwa kadiri ya alivyo, au kwa kadiri ya atamanivyo kuwa?

Swali hilo ni moja, ijapokuwa mavazi yake ni mengi. Kijana achaguaye masomo, fundi achaguaye randa, baba achaguaye nyumba ya kupanga, wote hulikabili. Gofu yafaa kuwa mfano wake kwa sababu ni mchezo usio na mahali pa kujificha. Katika kandanda mtu akikosa goli aweza kumlaumu mlinda mlango aliyekuwa hodari, au mwenzake aliyempa pasi mbaya, au mwamuzi aliyepuliza filimbi. Katika gofu mpira umelala kimya juu ya majani, haupokonywi na adui wala haukimbii. Mchezaji husimama juu yake, huupiga atakapo, huufuata ulikokwenda, na huhesabu mapigo yake mwenyewe. Mara nyingi hapana mwamuzi karibu naye ila dhamiri yake. Mchezo wa namna hii hauwezi kuchezwa vema na mtu asiyejijua. Na kujijua huko huanza kabla ya pigo la kwanza, mpira unapochaguliwa.

Ili hoja ifahamike, hapana budi mpira wenyewe ujulikane kwanza. Sheria yataka kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, na uzito wake usizidi gramu 45.93. Zamani nchi zilizofuata sheria ya St Andrews ziliruhusu mpira mdogo zaidi, wa milimita 41.15, lakini tangu mwaka 1990 kipimo ni kimoja ulimwenguni kote. Sheria huweka kikomo cha kasi na cha umbali pia. Ndani ya mipaka hiyo watengenezaji wana uhuru mwingi, na kazi yao imezaa koo mbili kubwa za mipira.

Ukoo wa kwanza ni wa mpira wenye sehemu mbili: kiini kikubwa, na ganda gumu la ionoma. Mpira huu hudumu, bei yake ni nafuu, na huzunguka kidogo ukiwa hewani. Ukoo wa pili ni wa mpira wenye tabaka tatu, nne au hata tano, nao hufunikwa kwa ganda laini la yurethani. Huu hushikana na uso wa fimbo katika mapigo mafupi, huzunguka sana kwa kurudi nyuma, na ukianguka karibu na shimo husimama upesi badala ya kuteleza na kwenda zake. Bei yake aghalabu ni maradufu ya ule wa kwanza au zaidi. Mabingwa wa kulipwa takriban wote hutumia ukoo huu wa pili. Kila mmoja una fadhila yake na kila mmoja una gharama yake. Hapana mpira uliojaliwa yote.

Mchezaji wa ridhaa akijua hayo, kishawishi cha kwanza kimfikiacho ni kuiga. Jambo hili si la jana. Mwaka 1900 Harry Vardon, mchezaji mashuhuri wa Uingereza aliyekuja kushinda Mashindano ya Wazi mara sita, alizunguka Marekani akicheza mbele ya makundi ya watu. Na safari hiyo iligharimiwa na kampuni ya Spalding, iliyokuwa ikiuza mpira wenye jina lake. Watu walimwona Vardon akipiga, kisha wakaweza kununua mpira ulioitwa kwa jina la Vardon. Kilichouzwa kilikuwa mpira. Kilichonunuliwa, katika nyoyo za wengi, kilikuwa sehemu ya Vardon. Tangu siku hizo biashara haijabadilika ila kwa ukubwa wake.

Kuiga si dhambi. Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga, na mtunzi chipukizi hujifunza mizani kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Lakini kuna kuiga kazi na kuna kuiga alama ya kazi. Amwigaye bingwa katika kuamka alfajiri na kupiga mapigo mia mafupi kabla ya kifungua kinywa, ameiga kazi. Amwigaye katika mpira tu, ameiga alama. Bingwa wa kulipwa huipitisha fimbo yake ndefu kwa kasi ya zaidi ya maili 110 kwa saa. Wachezaji wa ridhaa walio wengi hawafiki maili 100. Mpira hauulizi mpigaji ametamani nini. Hujibu kasi iliyoufikia, na pembe ya uso wa fimbo iliyougusa. Bingwa huufikia mpira wake mwisho wa safari ya miaka mingi, na mwigaji huutaka mwanzo wa safari, kama kwamba kuvaa viatu vya msafiri ni sawa na kuwa amesafiri.

Hata hivyo haki isipotoshwe kwa kutaka kukemea. Mpira wa bingwa haumdhuru mchezaji mnyonge kama wengine wasemavyo. Katika pigo refu, tofauti ya umbali kati ya mpira mzuri na mpira mzuri mwingine ni ndogo kuliko kelele za masanduku. Na ganda laini lisimamishalo mpira wa bingwa karibu na shimo laweza kuusimamisha na wa mchezaji dhaifu pia, iwapo ameupiga sawasawa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mpira fulani ni wa wakubwa na mwingine ni wa wadogo, kama vile viti vya barazani. Watu wawili waweza kununua mpira ule ule, siku ile ile, kwa bei ile ile, na mmoja akawa ametenda kwa busara na mwenziwe kwa upuuzi. Tofauti yao haionekani sandukuni. Imo katika jawabu la swali hili: kwa nini? Mmoja atajibu, “Nimeujaribu, nao husimama nitakapo.” Mwingine hana jawabu ila jina la mtu asiyemjua.

Hapa huinuka pingamizi la wenye akili za shambani, nalo lastahili heshima. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake yaonekana wazi: mwenye mkono hodari atalima kwa jembe lolote, na mwenye kupoteza asubuhi akigeuza majembe anatafuta udhuru wa kutolima. Basi mchezaji na achukue mpira wowote akacheze. Ustadi umo mkononi, haumo katika mpira. Methali hii ina ukweli, na wachezaji wengi wangalipona kama wangaliikumbuka. Lakini haikukusudia kusema kwamba jembe na shoka ni sawa. Yamkemea mwenye kuchagua ili asifanye kazi. Haimkemei mwenye kuchagua ili kazi ifanyike. Wahenga wale wale walisema pia kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Historia ya gofu yenyewe yashuhudia hayo. Mwishoni mwa karne ya 19 mpira uliotumiwa na wote ulikuwa wa gutaperka, utomvu wa mti wa nchi za Malaya. Mwaka 1898 Coburn Haskell, Mmarekani, alipata wazo la mpira wenye kiini kilichozungushiwa uzi mrefu wa raba iliyovutwa. Wachezaji wengi wa Uingereza waliudharau, wakauona kuwa mwepesi wa kuruka na mgumu wa kutawaliwa. Mwaka 1902, huko Hoylake, Sandy Herd alikuwa miongoni mwa waliokuwa na shaka nao. Lakini alicheza mazoezi na John Ball, aliyekuwa akiutumia, akaona kwa macho yake ulivyokwenda. Aliuchukua, akauingiza katika Mashindano ya Wazi, na akashinda kwa pigo moja tu mbele ya Vardon na James Braid. Pigo moja katika mapigo mia tatu na saba! Hapana awezaye kuapa kwamba mpira ndio uliolileta. Lakini tangu mwaka huo gutaperka ilikwisha. Herd hakuwa mvivu aliyegeuza majembe. Alikuwa mkulima aliyeona jembe jipya likikata udongo, akaikubali shahada ya macho yake kuliko dharau yake ya jana.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na ndani yake umo moyo wa jambo lote. Mchezaji wa ridhaa atumiaye mkono wa kulia aghalabu ana kosa moja la kudumu: uso wa fimbo yake hufunguka wakati wa kupiga, mhimili wa mzunguko wa mpira huinama, na mpira hupinda kwenda kulia, vichakani au majini. Mpira uzungukao sana hulikuza kosa hilo. Mpira uzungukao kidogo hulipunguza. Kwa hiyo mchezaji yule yule, kwa kosa lile lile, aweza kuukuta mpira mmoja umepotea kichakani na mwingine umelala ukingoni mwa kichaka, ukimngoja. Je, mpira huu wa pili umemtendea wema, au umemdanganya?

Mwenye msimamo mkali atasema umemdanganya. Maumivu ni mwalimu. Amwondoleaye mwanafunzi maumivu amemwondolea na mwalimu. Mchezaji asiyeona mpira wake ukipotea hatakuwa na sababu ya kuutengeneza mkono wake, na miaka kumi itapita akiwa pale pale, ameridhika kama mgonjwa aliyepewa dawa ya kuondoa homa bila ya kuondoa ugonjwa. Mwenye huruma atajibu kwamba mtu huyu si askari wala mtawa. Amefanya kazi siku sita. Amekuja uwanjani siku ya saba kutembea juu ya majani pamoja na rafiki zake. Furaha yake ni halali. Ya nini kumtoza kwa ukali kosa ambalo huenda mwili wake wa miaka hamsini hauwezi tena kuliacha?

Kila upande una haki, na kila upande umepitiwa na jambo. Mkali amesahau kwamba adhabu hufunza pale tu anapoweza mwadhibiwa kuitambua sababu yake. Mwalimu wa chuo hampi mwanafunzi wa alifu aya ndefu ili amwonyeshe jinsi asivyojua. Humpa ubao wenye herufi chache, ili kosa likitokea lijulikane ni lipi. Mchezaji anayepoteza mipira sita kwa siku hajifunzi mara sita. Hujifunza kuogopa, na woga huukaza mkono na kuuongeza upindaji. Mwenye huruma naye amesahau kwamba msamaha haufuti kosa. Mpira uzungukao kidogo hupinda kidogo, lakini hupinda. Mwenye kutaka kuona ataona. Kosa lingaliko, ila limeandikwa kwa herufi ndogo.

Basi uongo haumo ndani ya mpira. Mwenye mguu mbovu akitembea kwa mkongojo, mkongojo haukusema uongo. Hata yeye hakusema uongo, maadamu hakusema kwamba mguu umepona. Uongo huzaliwa pale mchezaji anaporudi nyumbani akasema, “Nimeliacha kosa langu,” na hali mpira ndio uliolificha. Chombo chenye kusamehe ni halali kwa ajuaye kwamba amesamehewa. Kwa asiyejua, kimekuwa kitambaa cha macho.

Tena msamaha huo haukutolewa bure. Mpira wa ganda gumu usiozunguka sana katika pigo refu hauzunguki sana katika pigo fupi pia. Ukidondoka karibu na shimo huendelea kubingirika, hupita, na mchezaji hulazimika kulipa hapo alichosamehewa kule. Alichopewa kondeni huenda akanyang’anywa shimoni. Hili lafaa kuangaliwa na kila mwenye kuchagua chochote, kwa kuwa watu wengi hudhani uchaguzi mwema ni ule usio na hasara. Uchaguzi mwema ni ule ambao mchaguaji ameijua hasara yake, ameipima, na ameikubali kwa hiari.

Kama ni hivyo, mchezaji amwulize nani? Wengi watajitolea kumshauri. Kabla ya gutaperka, mpira wa gofu ulikuwa mfuko mdogo wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa. Kazi yake ilikuwa ngumu. Fundi hodari hakumaliza ila mitatu au minne kwa siku, na bei yake ilikuwa kubwa. Allan Robertson wa St Andrews alikuwa fundi wa mipira hiyo na mchezaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Tom Morris alifanya kazi kwake. Mpira wa gutaperka ulipotokea, kiasi cha mwaka 1848, ukawa rahisi kutengeneza na rahisi kununua, Robertson aliuchukia. Husimuliwa kwamba siku moja Morris aliishiwa na mipira ya manyoya uwanjani, akaazima wa gutaperka akacheza nao. Habari ikamfikia bwana wake, wakagombana na kuachana. Mwaka 1851 Morris alihamia Prestwick. Baadaye Robertson mwenyewe alitengeneza mipira ya gutaperka, kwa kuwa hapana awezaye kuuzuia wakati kwa mkono.

Robertson hakuwa mjinga. Hapana aliyeujua mpira kuliko yeye. Lakini ugali wake ulikuwa ndani ya manyoya, na mtu huona kwa taabu ukweli unaotishia chakula chake. Kisa hiki chamtahadharisha mchezaji wa leo kwamba maarifa na maslahi yaweza kulala katika kichwa kimoja, na moja likamziba mwenziwe mdomo. Auzaye mpira hushauri akiwa muuzaji. Rafiki hushauri kwa kufuata mkono wake mwenyewe. Hata moyo wa mchezaji una duka lake, nalo huuza sifa. Kwa hiyo shahidi wa kuaminiwa ni mpira unapopigwa na mkono wa yule yule atakayeutumia.

Na majaribio hayo yana utaratibu wake. Wengi huanza na pigo refu, kwa sababu pigo refu lina utukufu na watazamaji. Ingefaa waanze shimoni na kurudi nyuma. Uwanja wa mapigo 72 humhesabia mchezaji mapigo mawili ya kusukuma katika kila shimo, na mashimo ni 18. Kwa hiyo nusu ya mapigo yote hupigwa pale ambapo nguvu si kitu. Na mchezaji wa ridhaa, akosaye mara nyingi kuufikisha mpira panapotakiwa, hutumia mengine mengi hatua chache tu kutoka hapo. Kwa hiyo auchukue mpira, ausukume. Ausikilize ukigusana na fimbo. Aurushe kutoka hatua ishirini, kisha hamsini, auangalie jinsi usimamavyo. Ukimridhisha hapo, ndipo aupige kwa fimbo ndefu. Asidanganywe na ulaini, kwa kuwa mpira ulio laini mkononi si lazima uende mbali zaidi. Wala asisahau mahali alipo: huko Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali kuliko Mombasa, mwenye kuhukumu mpira kwa safari ya siku moja ya bara, kisha akashuka pwani, asiuone mpira kuwa umemhaini.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi huona haya kukitaja, nacho ni mfuko. Mpira ambao mchezaji haimudu hasara yake haumfai, hata ungekuwa mwema namna gani. Mbele yake kuna maji. Mkononi ana mpira wa thamani ya chakula cha nyumba nzima kwa siku moja. Badala ya kuliwaza shimo, huuwaza mpira. Mabega hukazwa, pigo hukatika njiani, na mpira huenda majini kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopewa kwenda majini. Mtu hawezi kukitumia chombo anachokitumikia. Bei ya halali ni ile imwachayo mchezaji huru kupiga.

Akisha kupima hayo yote na kuchagua, bado limebaki jambo moja, nalo ndilo lililo kubwa: akae na alichokichagua. Mchezaji wa kawaida hucheza na huu leo, kesho ule. Mwingine ameuokota kichakani, mwingine amepewa zawadi. Mpira ukipita shimo, husema ni mgumu; ukisimama kabla, husema ni laini; ukipinda, husema si mzuri. Huenda asema kweli, huenda asema uongo. Hajui, wala hana njia ya kujua, maana vitu viwili vinabadilika kwa pamoja, mpira na mkono. Lakini akiushika mpira wa namna moja miezi sita, kitu kimoja kimesimama mahali pake, na kila kinachobadilika sasa ni chake mwenyewe. Hapo udhuru umekufa. Husimuliwa kwamba Herd, katika mizunguko yote minne ya Hoylake, alitumia mpira mmoja tu, hata mwisho nyuzi za raba zikawa zinachungulia kwenye nyufa za ganda. Siku chache kabla alikuwa na shaka nao. Alipokwisha kuamua, hakuugeuka.

Hapa ndipo maana ya mpira umfaao mchezaji hupatikana. Wenye majivuno humwambia autafute mpira ulio bora kuliko yote. Wenye kukata tamaa humwambia autafute uufichao udhaifu wake. Mpira unaomfaa ni ule alioupima kwa mkono wake, akaijua fadhila yake na gharama yake, akadumu nao hata kosa likitokea limrudie mwenyewe bila ya ubishi. Haukuchaguliwa ili umtukuze, wala ili umhurumie. Umechaguliwa ili usimpe mahali pa kujificha. Hii ndiyo tofauti ya kujijua na kujikatia tamaa: mwenye kujikatia tamaa husema, “Hivi ndivyo nilivyo,” akalala; mwenye kujijua husema, “Hivi ndivyo nilivyo leo,” akaamka.

Neno hilo leo lina uzito. Mchaguaji si jiwe. Kijana ataongeza nguvu na ustadi, na mpira uliomfaa mwaka huu huenda mwaka ujao ukawa mdogo kwake, kama kanzu ya utotoni. Hana budi kupima tena, wala huko kupima tena si kukosa uaminifu. Na kwa mzee jambo hugeuka. Siku huja ambapo fimbo haipiti tena kwa kasi ya zamani, na shimo lililofikiwa kwa mapigo mawili sasa lataka matatu. Mpira wa ujana bado umo mfukoni, nao ndio ushahidi wa mwisho kwamba ujana haujaondoka. Kuuweka kando na kuchukua mwingine ni tendo dogo lisilopigiwa makofi na mtu yeyote. Walakini laweza kuwa gumu kuliko kushinda kikombe. Mzee alitendaye bila ya uchungu, akaendelea kucheza kwa furaha na vijana wampitao, amefanya kwa mpira mmoja kile ambacho wafalme wengi walishindwa kukifanya kwa viti vyao.

Katika siku za gutaperka wachezaji waligundua jambo la ajabu. Mpira mpya, laini, usio na doa, uliyumba na kuanguka upesi. Mpira wa zamani, uliojaa kovu za fimbo, uliruka sawasawa na mbali zaidi. Mafundi wakaanza kuipiga nyundo mipira mipya ili wayape makovu kabla ya kuingia uwanjani. Na mwaka 1905 William Taylor, Mwingereza, akaleta vibonyeo ambavyo mpira wa leo ungali nao, navyo hupunguza ukinzani wa hewa. Hivyo kila mpira dukani, wa bei kubwa na wa bei ndogo, hubeba juu ya gamba lake kumbukumbu ya mipira iliyokosewa zamani. Mchezaji asionee haya makosa yake yaliyo wazi, wala asinunue kitu cha kuyafunika. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na ajuaye urefu wa ubawa wake ndiye ajuaye mti wa kutua.